Aspirini au kalsiamu? Na karatasi ya damu isomwe vipi kabla ya kuchagua

Mwaka jana, mwezi wa tano, wifi yangu wa Kyela alinitumia picha ya karatasi kwenye simu. Yalikuwa majibu ya FBP, ile picha kamili ya damu, na alikuwa amezungushia mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: PLT 132, yaani idadi ya chembe sahani. Chini yake akaandika: "Wifi, ugonile. Hapa wameandika ziko chini. Dada wa duka la dawa kaniambia ninunue aspirini, jirani anasema kalsiamu. Mimba ina wiki 30. Ninunue ipi?"

Nilimpigia, maana nilikuwa na maswali mengi kuliko jibu. Presha ilisomaje? "Walinifunga ule mpira mkononi, lakini hawakusema na mimi sikuuliza." Mkojo je? "Nilipeleka kichupa, sijui walionaje." Kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu au vimulimuli? Hapa chini ya chembe ya moyo panauma? "Hapana wifi, niko salama kabisa. Ni hii namba tu inayoninyima usingizi."

Namba moja ya wino mwekundu ilikuwa inamnyima usingizi, na namba mbili zenye uzito zaidi, presha na protini ya mkojo, hakuwa nazo. Nimeyaandika haya kwa ajili yake na kwa kina mama wa huku kwetu, Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa, wanaosimama mbele ya kaunta ya duka la dawa na swali hilohilo. Mimi ni mkunga. Aspirini na kalsiamu zote zinazungumzwa hapa kama kinga ya presha ya mimba. Ninakoegemea nakusema mapema: uamuzi wa aspirini ni wa mwezi wa tatu wa mimba, na kinachoamua ni historia yako kuliko idadi ya chembe sahani.

Chembe sahani na presha vinakutana wapi

Chembe sahani ni vipande vidogo sana vinavyotengenezwa kwenye uboho wa mifupa na kuishi ndani ya damu siku 7 hadi 10. Kazi yake ni kuziba. Ukijikata na kisu unapomenya ndizi, hizo ndizo zinazofika pale kwanza. Kwa kawaida mtu mzima huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Mashine huzihesabu kwa maelfu, ndiyo maana karatasi inaandika 150 hadi 450, na ile 132 ya wifi ni 132,000.

Zikiwa zimetulia zina umbo la sahani, na jina limetoka hapo. Zikigusana na ukuta wa mshipa uliojeruhiwa, zinaamka: zinachomoza vijimkono, zinanatana, na zinaanza kumwaga kemikali. Mojawapo inaitwa thromboksani. Hiyo inaziamsha chembe za jirani na papo hapo inaukaza mshipa. Ukuta wa mshipa wenye afya nao hutoa prostasiklini, inayofanya kinyume chake, kulegeza mshipa na kuzituliza chembe. Kwenye prieklampsia, yaani presha ya mimba iliyoanza kugusa figo, ini au viungo vingine, na ambayo isipodhibitiwa inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, mizani hiyo huegemea upande wa thromboksani.

Chanzo chenyewe kiko kwenye kondo la nyuma. Katika nusu ya kwanza ya mimba, mishipa ya mji wa mimba inayolilisha kondo inatakiwa ipanuke sana. Kwa baadhi ya wanawake haipanuki vya kutosha. Aliyewahi kulima mpunga Mbarali anaelewa: mfereji ukibaki mwembamba, jaruba la mwisho halipati maji hata ungefungua lango lote. Kondo lililonyimwa damu huanza kumwaga kwenye damu ya mama protini zinazoharibu ukuta wa ndani wa mishipa yake, mwili mzima. Chembe sahani zinaukuta ukuta huo uliochubuka, zinaamka, zinajibandika, zinatumika na kuisha. Uboho unajaribu kufidia kwa kutoa nyingine changa, ambazo huwa kubwa kuliko zile za zamani.

Mpangilio wa matukio ndio wa kushika hapa. Mishipa inafeli mapema, mama akiwa hajui lolote. Chembe zinaamka baadaye. Idadi yake inashuka mwishoni kabisa, tena kwa baadhi tu ya wagonjwa. Anayesubiri namba ishuke ndipo aanze kinga amefika sokoni watu wakikunja turubai.

Aspirini

Aspirini ya dozi ndogo inakifunga kimeng'enya ambacho chembe sahani hukitumia kutengeneza thromboksani. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kingine. Kikishafungwa, imefungwa hivyo mpaka ife. Ukuta wa mshipa una viini, unajitengenezea kipya na kuendelea kutoa prostasiklini. Nilipoelewa jambo hili nikiwa chuoni niliona kama nimefunguliwa dirisha: ndiyo sababu kidonge kidogo, mara moja tu kwa siku, kinatosha, na ndiyo sababu dozi kubwa haisaidii zaidi. Dozi kubwa inazima pande zote mbili.

Ushahidi wake umepita kwenye mabonde na milima. Mwaka 1994 utafiti mkubwa ulioitwa CLASP, wenye wanawake 9,364, ulitumia miligramu 60 na faida iliyoonekana ilikuwa ndogo kiasi kwamba wengi walikata tamaa na dawa hii. Mwaka 2017 ukatoka mwingine, ASPRE, uliofanyika Ulaya na Israeli. Safari hii walichagua wanawake 1,776 waliopimwa na kuonekana wako kwenye hatari kubwa, wakaanza kati ya wiki ya 11 na ya 14, miligramu 150 usiku, hadi wiki ya 36. Prieklampsia iliyolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki 37 iliwapata asilimia 4.3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na asilimia 1.6 ya waliopewa aspirini. Kilichobadilika ni dozi, muda wa kuanza, na nani alichaguliwa. Ila kwa prieklampsia inayokuja mimba ikiwa imeshakomaa, utafiti huohuo haukuona tofauti ya maana. Hilo nalitaja kila mara, kwa sababu mama aliyemeza aspirini kwa uaminifu miezi sita halafu presha ikampanda wiki ya 38 hudhani kuna kosa alilofanya. Hajakosea.

Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 75 kila siku kwa walio kwenye hatari, kuanzia wiki ya 12 au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Kwenye maduka yetu ya dawa utakuta kidonge kidogo cha miligramu 75, na kingine cha 300 ambacho ni cha maumivu. Viangalie kwa macho yako. Nilishapokea mama aliyetumia cha 300 kutwa mara mbili kwa wiki tatu, akiamini anajikinga, kwa sababu tu aliyemuuzia alisikia neno aspirini na kuishia hapo. Alikuja analalamika tumbo linawaka moto.

Haimfai kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, mwenye mzio nayo, anayetokwa damu, au ambaye chembe sahani zake tayari ziko chini sana, asianze bila daktari kumwangalia. Inaongeza kidogo uwezekano wa kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, na ndiyo sababu nyingine ya watabibu wengi kuisimamisha wiki ya 36. Tena haishushi presha hata kidogo. Mwenye 150/100 akimeza aspirini atabaki na 150/100 yake.

Kalsiamu

Kalsiamu haina habari na chembe sahani. Inapita mlango mwingine. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye chakula, homoni zinazoitafuta kalsiamu hupanda, na misuli ya kuta za mishipa ya damu hukaza zaidi. Ukiupa mwili ya kutosha, mishipa hulegea. Faida yake ni kubwa pale ambapo chakula cha watu kina kalsiamu kidogo, na hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linaposhauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito wote wa eneo hilo.

Shida ya ushauri huo tunaijua sisi tunaogawa vidonge. Gramu moja na nusu ni vidonge vitatu vikubwa, vinavyoacha ladha ya chaki mdomoni, na vinatakiwa visikutane na vidonge vya kuongeza damu kwa sababu kalsiamu inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Mwambie mama anayetoka shambani saa nane kwamba anywe hiki asubuhi, hiki mchana, hiki jioni, na kile cha damu usiku. Wiki ya pili pakiti zote ziko juu ya kabati. Kwa hiyo nilifurahi sana mwaka 2024 yalipotoka matokeo ya utafiti uliofanyika India na hapa kwetu Dar es Salaam, wanawake 11,000 kila nchi, wote wa mimba ya kwanza. Walilinganisha miligramu 500 na miligramu 1,500 kwa siku. Katika kuzuia prieklampsia, ndogo haikuzidiwa na kubwa. Kidonge kimoja kwa siku mama anakimeza. Hilo limebadilisha ninavyoshauri.

Na chakula? Rungwe tuna ng'ombe wa maziwa karibu kila mtaa, lakini asubuhi maziwa yanaenda kituo cha kukusanyia na nyumbani inabaki chai ya rangi. Naielewa sababu, ada ya shule hailipwi na maziwa yaliyonywewa. Bado nawaomba kina baba wenye mjamzito ndani ya nyumba wabakize glasi moja. Ina kalsiamu ya miligramu 300 hivi. Upande wa Kyela na Matema kuna usipa wa ziwani, ambao unaliwa mzima na mifupa yake, na mifupa ndiyo yenye kalsiamu. Ukiwachambua ukatupa mifupa umetupa dawa.

Nani achague ipi

Kwa aliyewahi kupata prieklampsia au kifafa cha mimba, mwenye presha kabla ya mimba, mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au lupasi (ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe), au mwenye mapacha: nasema aspirini, ianze wiki ya 12, na kalsiamu iambatane nayo. Hizi mbili hazigombani. Kwa watu hawa swali la "ipi" si lao. Swali lao ni "lini", na kila wiki inayopita baada ya 16 inapunguza faida ya aspirini.

Kwa mimba ya kwanza tu, bila kingine chochote, naanza na kalsiamu. Ikiongezeka sababu nyingine ya wastani, kama unene uliokithiri, umri mkubwa, au mama mzazi au dada wa tumbo moja aliyepata presha ya mimba, aspirini nayo inaingia kwenye mazungumzo. Waulizeni mama zenu. Siku hizi ni swali ambalo halimwaibishi mtu, na jibu lake lina uzito kuliko vipimo vingi vya bei kubwa.

Aliye na mimba ya pili au ya tatu, za nyuma zote zilikwenda salama na presha yake ni nzuri, kalsiamu na chakula vinamtosha. Sioni sababu ya kumpa aspirini kwa sababu jirani anaitumia.

Aliyekuwa na presha kabla ya mimba ana jambo lingine la haraka kuliko haya yote. Kama anatumia captopril, enalapril au losartan, dawa hizo hazifai ukiwa na mimba, zinamdhuru mtoto. Aende kubadilishiwa, kwa kawaida methildopa au nifedipini, na asiache tu kimyakimya, kwa kuwa presha isiyotibiwa nayo ni hatari.

Kuna mama mmoja ninayemkumbuka kila nikizungumzia muda. Kwao ni upande wa Makete, ameolewa Isongole. Mimba ya kwanza ilitoka wiki ya 31, mtoto akiwa ameshafariki tumboni, presha iko juu. Ya pili alikuja kliniki ana wiki 24, kwa sababu alikuwa anaogopa kuitaja mimba mapema isije ikaharibika tena. Tulifanya tulichoweza, akajifungua wiki ya 33, mtoto mdogo sana lakini hai, akakaa kifuani kwa mama yake kama kangaruu hadi akapata uzito. Mimba ya tatu alinikuta mlangoni asubuhi, sweta mbili na kitenge, ana wiki 10, kadi zote mbili za zamani kazifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alianza aspirini wiki ya 12 na kalsiamu pamoja. Presha ilikuja, 144/92, lakini ilikuja wiki ya 38. Mama mmoja hathibitishi dawa, najua. Ila kadi zile mbili ndani ya mfuko wa nailoni ndizo zilizoturahisishia uamuzi, wala hatukuhitaji mashine.

Kipimo kipi kiulizwe kwanza

Kati ya mpira wa presha, kijiti cha mkojo na FBP, mpangilio wangu ni huo huo nilivyovitaja, na tofauti kati ya cha kwanza na cha mwisho ni kubwa.

Presha ni 140/90 au zaidi, imerudiwa baada ya saa nne, mimba imepita wiki 20: hiyo ni presha ya mimba. Ikifika 160/110 ni dharura ya saa hiyohiyo, hairudiwi kesho. Lakini ipimwe vizuri. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, na nimeona mara nyingi mpira ukifungwa juu ya sweta. Sweta livuliwe, au mkono utolewe nje kabisa. Ukae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umelala usawa wa moyo. Uliyepanda kilima cha kwenda zahanati kwa miguu, omba upumzike kwanza. Hakuna mhudumu mwenye busara atakayekukatalia. Halafu uliza namba, iandikwe kwenye kadi, uisome. Kwa anayenunua mashine ya nyumbani, chukua ya mkono wa juu yenye mpira unaoenea mkono wako. Za kifundo cha mkono zinadanganya kirahisi, na mpira mdogo kwenye mkono mnene unaonyesha presha ya juu kuliko ilivyo.

Kijiti cha mkojo ni cha bei ndogo na kipo hadi zahanati. Kinachovywa, kinasubiriwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha kinalinganishwa na rangi za ubavuni mwa kopo. Njano inageuka kijani. Kijani ikikolea, protini ni nyingi. Jisafishe kwanza, na mkojo uwe wa katikati, kwa sababu ute wa ukeni unaweza kukipa rangi ya uongo.

FBP sasa. Inafaa sana kwa mwenye presha tayari, kwa sababu chembe sahani zikishuka chini ya 100,000 ugonjwa umehesabika kuwa mkali, na daktari wa usingizi anaihitaji namba hiyo kabla ya kuchoma sindano ya mgongoni kwa ajili ya upasuaji. Zikishuka pamoja na ini kuumia na chembe nyekundu kupasuka, hiyo ni hali waliyoipa jina la HELLP mwaka 1982, na inaua. Maumivu yake hukaa chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa kuwa vidonda vya tumbo vimejaa midomoni mwetu, mama hupewa dawa ya kupoza asidi na kurudishwa nyumbani. Mjamzito aliyevuka wiki 20 akisema anaumwa hapo, mkono wa kwanza uende kwenye mpira wa presha.

Kwa asiye na presha, namba hiyohiyo inasema mambo mengine mengi. Ujauzito wenyewe hushusha chembe sahani kwa wanawake 5 hadi 10 katika kila 100, bila ugonjwa wowote, na mara nyingi zinabaki juu ya 100,000. Malaria inazishusha, na wifi yangu anakaa Kyela, bondeni, mbu wapo; aliye juu kule Makete hesabu yake ni tofauti. Virusi vya UKIMWI pia vinazishusha, na mikoa yetu hii ndiyo yenye maambukizi makubwa nchini. Kisha kuna kichupa chenyewe. Damu ya FBP inaingia kwenye kichupa chenye kizibo cha zambarau, ambacho ndani kina dawa ya kuzuia damu isigande, na mchukuaji anatakiwa akigeuze taratibu, juu chini, mara nane hadi kumi. Nimesimama pembeni nikaona kijana, foleni imemlemea, anakigeuza mara moja na kukitupia kwenye kibao. Damu ikianza kuganda mle ndani, mashine inahesabu mafungu na kusema chembe ziko chini. Na wapo watu ambao dawa hiyohiyo ya kichupa inafanya chembe zao zishikane hata ukichanganya vizuri. Namba ya chini isiyoendana na mgonjwa anayeonekana mzima irudiwe, na tone la damu liangaliwe kwa hadubini.

Kuna mstari mwingine wameanza kuniuliza, MPV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe sahani. Ni kweli tafiti zimeona kwamba mara nyingi uko juu kwa wenye prieklampsia, kwa sababu ya zile chembe changa. Lakini damu ikikaa kichupani chembe zinavimba na namba inapanda yenyewe. Sampuli iliyotolewa asubuhi kando ya ziwa na kusomwa jioni mjini itakuwa na MPV kubwa hata kama mwenye damu hana tatizo. Mimi siitumii kuchagulia kitu. Vipimo vya maabara kubwa vinavyoonyesha moja kwa moja kwamba chembe zimeamka vipo, ila ni vya watafiti, na havitakufikia ukiwa kwenye benchi la kliniki.

Ugonjwa ukishafika

Hapo aspirini na kalsiamu zimemaliza zamu yake. Kuna dawa za kushusha presha, kuna magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, na kuna kujifungua, ambako ndiko kunakoondoa chanzo. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wanawake 10,141 katika nchi 33, ulionyesha magnesiamu salfeti inapunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kati ya zahanati ya jirani na hospitali, mwenye historia au mwenye presha achague hospitali yenye chumba cha upasuaji, maabara na damu ya kuongezea, na asogee karibu mapema. Anayekaa Tukuyu ana kilomita 70 hivi hadi Mbeya mjini, lami. Anayekaa ndani ndani, barabara ya udongo, mvua za masika, ahesabu saa na si kilomita. Dharura ikitokea usiku, piga 115 bila malipo, huduma ya usafiri wa m-mama; iandike ukutani karibu na kitanda, na mume aijue kwa kichwa.

Kujifungua pia hakufungi kesi. Chembe sahani mara nyingi hufika chini kabisa siku moja au mbili baada ya kujifungua ndipo zipande, na kifafa kinaweza kuja siku hizohizo, mara chache hata baadaye. Usikubali kuondoka wodini bila presha yako ya siku hiyo kusomwa, hata kama ndugu wameshafika na gari liko nje.

Wifi yangu alirudi kliniki keshoyake. Presha 112/70, mkojo hauna protini, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mimba yake ya kwanza, kabla ya hii, ilikwenda salama. Nilimwambia aspirini aiache dukani, kalsiamu achukue ya kidonge kimoja kwa siku, na usipa aendelee nao. Damu ilirudiwa baada ya wiki mbili, kichupa kimegeuzwa mbele ya macho yake: 128. Siku ya kujifungua ilikuwa 121, akajifungua kawaida, msichana. Wiki ya sita alinitumia picha nyingine ya karatasi. PLT 204, na hakuna duara lolote. Pembeni, kwa mwandiko wake, ameandika presha yake na kunishukuru kwa Kinyakyusa: "114/72. Leo niliuliza mwenyewe, wifi. Ndaga fijo."